KONA YA SIMU: Hao watu elfu, wanakaa wapi?

Safari hii wengi mmenisimamisha njiani, hata kwenye foleni ya maji, na swali ni lilelile: "Tuko na Facebook, tuko na WhatsApp, watoto wametufungulia na TikTok. Mega zinaisha. Tutajuaje ipi inatusaidia kweli?" Swali zuri. Nitalijibu kwa habari ya jirani yangu, naye amenipa ruhusa, mradi nisitaje jina.

Jirani huyu ni mama wa kutoka Rumonge. Mdogo wake alirudi Burundi miaka michache iliyopita, yuko kulekule ufukoni, anauza ndagala wakavu na mawese. Huku kambini, mtoto wa jirani ndiye anayeshika akaunti. Mama mdogo anatuma picha, kijana anaziweka kwenye TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp. Familia moja, nchi mbili, akaunti nne.

Siku moja mama mdogo akatuma video ya asubuhi, ndagala wameanikwa kwenye vichanja vya waya, jua linatoka. Video ikakimbia TikTok. Ilitazamwa mara elfu tisa na zaidi! Kijana akapiga simu kwa furaha: "Mama mdogo, wateja wamejaa, nunua mzigo!" Mama mdogo akakopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua magunia kumi.

Wiki tatu zikapita. Yaliuzwa magunia mawili. Mvua ikaja, unyevu ukaingia, ndagala wakaanza kunuka na kuingia wadudu. Yale manane yaliyobaki yakatoka kwa bei ya kutupa, na deni likabaki palepale. Jamani, ile ilikuwa pesa ya shule ya watoto.

Mama mdogo hakumgombeza mtoto. Aliuliza swali moja tu: "Hao watu elfu, wanakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameangalia. Kijana alipofungua ukurasa wa takwimu ndani ya TikTok, akakuta watazamaji wengi wako Kenya, Kongo, Tanzania, na wengine Marekani. Wa Burundi walikuwa wachache sana. Sasa mzigo wa Rumonge unapanda gari kwa barabara ya RN3 mpaka Bujumbura, kilomita kama 75 hivi. Mtu wa Nairobi atapenda video, lakini hawezi kutuma gari lichukue kilo mbili.

Dashibodi ni nini?

Mmewahi kukaa mbele kwenye gari? Mbele ya dereva kuna spidi, mafuta na joto la injini, vyote mahali pamoja. Hiyo ndiyo dashibodi. Kwenye simu ni hivyohivyo: ni ukurasa mmoja unaokuonyesha akaunti zako zinafanya nini.

Zipo za bure. Meta Business Suite inaonyesha ukurasa wa Facebook na akaunti ya Instagram pamoja. TikTok ina takwimu zake ndani. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakuonyesha ujumbe ngapi umetumwa, ngapi umefika na ngapi umesomwa. Zipo pia za kulipia, kama Hootsuite, zinazokusanya akaunti nyingi pamoja, lakini hizo ni za kampuni. Sisi tuna daftari.

Maneno matatu ya kutenganisha

Kwanza, *kutazamwa*. Hiyo ni idadi ya mara, siyo ya watu. Mtu mmoja akirudia video mara tano, zinaweza kuhesabiwa tano.

Pili, *kufikiwa*. Hiyo ni idadi ya akaunti zilizoona. Lakini huyohuyo aliyekuona Facebook anaweza kukuona Instagram pia. Kwa hiyo usijumlishe namba za akaunti zote ukasema "nina watu elfu kumi". Umehesabu mbuzi mmoja kwenye mazizi mawili.

Tatu, *kuuliza na kununua*. Hii simu haiwezi kukuhesabia yote. Lazima uandike wewe.

Wale wa ufukoni mtanielewa haraka. Zamani ndagala walianikwa mchangani tu, kabla vichanja vya waya havijaenea. FAO nayo ilisaidia kuvifundisha upande wa Burundi miaka ya 2000. Ndagala wa mchangani wanajaza kikapu vizuri, mizani inashuka, lakini mteja akifika nyumbani anatafuna mchanga. Like nyingi ni mchanga huo. Pepeta kwanza, halafu ndiyo upime.

Daftari la familia

Mwezi uliofuata kijana alichora mistari kwenye daftari la shule. Kila mteja aliulizwa swali moja: "Umetuona wapi?" Mama mdogo akawa anatuma jibu kwa sauti kila jioni. Mwisho wa mwezi ikawa hivi:

TikTok: ilitazamwa mara 6,200, waliouliza 6, walionunua 0.
Instagram: waliofikiwa 150, aliyeuliza 1, walionunua 0.
Facebook: waliofikiwa 700, waliouliza 11, walionunua 2.
WhatsApp: walioona status 64, waliouliza 23, walionunua 9.

Angalieni vizuri. Akaunti yenye watu 64 ndiyo iliyolisha familia. Ile ya maelfu haikuleta hata mteja mmoja, na video ndizo zilizokuwa zinamaliza mega. Basi wakaamua: TikTok video moja kwa wiki, Instagram ilale kwanza, nguvu iende kwenye WhatsApp na magrupu ya Facebook ya Bujumbura. Kwenye WhatsApp Business wakatumia lebo: mteja mpya, anasubiri kulipa, amelipa. Mtu akituma pesa kwa Lumicash, lebo inabadilishwa palepale. Na mzigo haununuliwi mpaka oda ziko kwenye daftari.

Msilinganishe mwezi mpevu na giza

Hapa kijana nusura akosee tena. Wiki moja oda zilishuka, akataka kuhama WhatsApp. Mama mdogo akacheka: "Mwanangu, angalia juu." Ulikuwa mwezi mpevu! Wavuvi wa Tanganyika wanavuta ndagala usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na mitumbwi mingi inapumzika. Ndagala wanakuwa haba, bei inapanda, wateja wanangoja. Akaunti haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo linganisha wiki ya giza na wiki ya giza, mwezi huu na uliopita. Ukiuza nguo, linganisha sikukuu na sikukuu. Namba peke yake haijui kinachotokea ziwani.

Na wewe unayetafuta ndugu

Wengi wetu hatuuzi kitu, tunatafuta watu. Daftari ni lilelile. Andika ulipoweka tangazo, tarehe, na nani alijibu. "Pole" mia mbili chini ya picha zinatia moyo, lakini unachotafuta ni jibu moja la mtu anayemjua kweli. Kama grupu la watu wa Nyanza-Lac limekuletea jibu na lile kubwa halikuleta, rudi Nyanza-Lac. Na usiache kupeleka ombi lako kwa Msalaba Mwekundu, wana kazi maalumu ya kutafuta ndugu waliopotezana.

Tahadhari: usiweke namba ya blok yako, kadi yako wala picha ya mtoto yenye mahali anapokaa. Na programu ikikuomba nywila za akaunti zako zote "ili ikuhesabie", ikatae. Kama mnashika ukurasa wa Facebook watu wawili, Meta Business Suite inakuruhusu kumpa mwenzako nafasi ya kufanya kazi bila kumpa nywila yako.

Mnaniuliza mama mdogo amefikia wapi? Deni amelipa sehemu kubwa, imebaki awamu moja. Watoto wamerudi shule, ingawa walikosa wiki kadhaa. Kijana naye kabandika daftari lile ukutani juu ya kitanda.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ya mwezi huu: chora mistari minne, andika akaunti zako, na kila anayekuja umuulize amekuona wapi. Baada ya wiki nne ulete daftari tuliangalie pamoja.

Nawatakia mwezi mwema. Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.