Malta: Nchi Ndogo, Mtihani Mkubwa

Malta, dola ya visiwa yenye kilomita za mraba 316, ilipata uhuru mwaka 1964, mwaka wa Muungano wetu. Waarabu waliiteka mwaka 870. Hata leo Wamalta, walio wengi Wakatoliki, humwita Mungu "Alla" na Kwaresima "Randan", yaani Ramadhani. Nasi wa Kilema, tunaoishi ua kwa ua na Wakatoliki, tuna la kuzingatia hapo.

Ama ndugu zetu wa Somalia na Eritrea, wao wameijua Malta kwa uchungu: wengi walizama wakivuka kutoka Libya, na maelfu waliofika walitiwa kizuizini. Nchi ndogo hulemewa, ni kweli. Lakini udogo wa ardhi hauiondoi haki ya msafiri aliyeharibikiwa. Wazazi, tuwaeleze vijana wetu hatari ya njia hiyo.