Makena Akija Makina

Hapa Makina, Kibera, fumbo la nani alifanya halifiki magharibi. Mtu akichomwa kisu kwenye ujia wa nyuma ya soko saa tisa mchana, ikifika saa kumi na moja mimi nimeshaambiwa jina lake aliyemchoma, nyumba anayolala na rangi ya shati alilovaa akikimbia kuelekea reli. Nimeambiwa na mteja aliyekuja kuchukua sare ya mtoto, naye kaambiwa na anayeuza mandazi, na wa mandazi aliona kwa macho yake, kijiko kikiwa ndani ya mafuta. Fumbo linalobaki, na linaweza kubaki miaka, ni nani kati yetu atakwenda mahakamani kuyasema hayo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona dera, sare za shule na nguo za harusi za Wanubi wenzangu, na kazi hii ina baraka moja: mikono ikishazoea, macho yanaweza kutazama kitu kingine. Yangu hutazama tamthilia za upelelezi. Nimezitazama za Wazungu, nimezitazama zile ambazo DJ Afro amezifasiri kwa mbwembwe zake hadi muuaji anaongea kama konda wa matatu, na mwaka 2021 nikatazama ya kwetu.

Hiyo ni Crime and Justice, iliyotolewa na Showmax pamoja na Canal+ ya Ufaransa. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu, maana ilikuwa ya kulipia. Sarah Hassan, ambaye wengi tulimjua akiwa Tanya wa tamthilia ya Tahidi High, humo ni Makena, mpelelezi wa polisi jijini Nairobi. Mwenzake anaitwa Silas na ameigizwa na Alfred Munyua. Visa vyenyewe vilichotwa kwenye habari za magazeti yetu, kwa hiyo ukitazama unajikuta ukisema, hii naijua, hii ilitokea.

Nilifurahi kumwona Makena, na sababu ni za zamani kidogo. Kwenye televisheni yetu, sheria imekuwa jambo la kuchekesha kwa miaka mingi. Tulikuwa na Vioja Mahakamani ya KBC, na Mungu awape afya waliotuchekesha. Humo angalau mwanamke alikaa kwenye kiti cha hakimu, Lucy Wangui, akiwanyamazisha wanaume waliojifanya hawaelewi mashtaka. Kisha akaja Inspekta Mwala, polisi ambaye ukimpelekea kesi ya kuku unaondoka bila kuku na mbavu zinakuuma. Polisi anayekaa na maiti, anayekosa usingizi kwa sababu ya mtu asiyemjua, hatukumzoea.

Vitabuni vilevile. Kiswahili kina wapelelezi tangu zamani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum. Faraji Katalambulla akaandika Simu ya Kifo. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango, ambaye kaka zangu walimsoma kwa zamu mpaka jalada likang'oka. Wote wanaume. Joram alikuwa na Nuru, msichana mzuri na mwenye akili, lakini jina la juu ya kazi lilikuwa la Joram. Kwa hiyo Makena anapoingia mahali pa mauaji, askari wa kiume wakasogea kumpisha, mimi natulia kwanza, mguu unaacha kukanyaga cherehani.

Ugomvi wangu unaanza pale anapomgeukia jirani wa marehemu.

Tazama tamthilia yoyote ya polisi, ya kwetu au ya Marekani. Mpelelezi anabisha mlango, jirani anafungua, anafikiri kidogo, anasema alisikia kelele saa nne usiku na akaona gari jeusi. Dakika mbili, amemaliza, hatumwoni tena. Saa nzima iliyobaki ni ya maabara, kompyuta na kukimbizana. Yaani lile jambo ambalo hapa kwetu ndilo gumu kuliko yote linafanyika kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda soko la Toi.

Gari la polisi likiingia Makina, milango inafungwa. Watu wa mbali hudhani tunawapenda wahalifu. Hatuwapendi, ni watoto wetu na wanatuibia sisi wenyewe kabla ya kuwaibia wa mtaa wa Woodley. Lakini na mama wa mshukiwa tunachota maji kwenye mfereji mmoja, na mwenye nyumba wetu ni mmoja. Mshukiwa mwenyewe ana haki ya dhamana, Katiba ya 2010 imesema hivyo na mimi siipingi, ila maana yake ni kwamba wiki ijayo atapita mbele ya meza yako ya mboga na atakusalimia kwa jina. Halafu kuna mahakama. Kesi inaahirishwa kwa kuwa wakili hayupo, inaahirishwa tena kwa kuwa faili haionekani, na kila ukiitwa unafunga biashara. Muuza omena hana likizo ya kwenda kuwa shahidi.

Na siku nyingine anayeogopwa ndiye aliyevaa sare. Desemba 2018 polisi walimpiga risasi Carilton Maina hapahapa Kibera. Alikuwa kijana wa kwetu aliyesoma hadi akafika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na alikuwa nyumbani kwa likizo, anatoka kutazama mpira. Aliyeshuhudia jambo la namna hiyo anakwenda kuandikisha kwenye kitabu cha matukio, OB, kwa nani?

Kesi iliyotufunga midomo zaidi haikutokea hapa. Juni 2016, dereva wa bodaboda aitwaye Josephat Mwenda alikuwa amemshtaki polisi aliyempiga risasi. Alitoka mahakama ya Mavoko na wakili wake Willie Kimani, wakiendeshwa na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Maiti zao zilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kesi ya mauaji hayo ilichukua miaka sita. Julai 2022 watu wanne walipatikana na hatia, na Februari iliyofuata afisa Fredrick Leliman akahukumiwa kifo. Hukumu ilipatikana, alhamdulillahi. Lakini waulize wanawake wa soko la Makina wanakumbuka nini. Hawakumbuki hukumu. Wanakumbuka kwamba mlalamishi alikwenda kortini kama alivyoambiwa, na akafa.

Mimi nakumbuka jambo jingine katika kesi hiyo, na waandishi wa tamthilia wangepaswa kulikumbuka pia. Wale watatu walipokuwa wamefungiwa kwenye kituo cha polisi wa utawala Syokimau, ujumbe uliandikwa kwenye karatasi ya msalani, wa kuomba mtu apige simu, ukatupwa nje. Mpita njia akauokota, akaisoma namba, akapiga. Hebu fikiria mtu huyo. Angeweza kuukanyaga akaenda zake. Angeweza kuusoma, akatazama kulia na kushoto, akaurudisha chini. Alichofanya ni ushujaa mkubwa kuliko kufukuza gari lolote Thika Road, na katika tamthilia angepewa sekunde kumi.

Nawaambia hivi kwa sababu kazi yangu imenifundisha jinsi watu wanavyosema. Mwanamke anayepimwa nguo anainua mikono, anageuka, anakaa kimya kidogo, kisha anasema. Simuulizi. Tepu ikifika begani namwona anavyoshtuka. Mteja aliyeshona mikono mifupi miaka yote, akija Januari, jua linachoma mabati, anataka mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, najua kuna alama inafichwa. Polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024. Sijui wangapi kati yao walikuwa na fundi aliyeona mapema. Hakuna mpelelezi aliyewahi kuniuliza, wala wa televisheni wala wa kweli.

Niliwahi kumsindikiza jirani mmoja kuripoti mume wake. Kituo sikitaji. Dawati la jinsia lilikuwapo, na askari wa kike alikuwapo, mpole, lakini meza yake ilikuwa hatua mbili kutoka kaunta, na vijana waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea walisikia kila neno, mmoja akacheka. Jirani alipewa namba ya OB na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Alipouliza kama watakwenda kumkamata, akaambiwa gari halina mafuta, labda yeye awasaidie kidogo. Akarudi nyumbani na karatasi zake ndani ya sidiria, akampikia chakula cha jioni yuleyule aliyempiga. Tamthilia nzima iko hapo, wala haihitaji bunduki.

Mtu ataniambia dawa ni kuongeza askari wa kike. Waongezwe, nitawashonea sare bure. Ila tusidanganyane kwamba jinsia inatosha: miongoni mwa waliofungwa kwa kifo cha Willie Kimani na wenzake alikuwamo afisa wa kike. Ninachotaka kwa Makena ni muda wa kukaa. Botswana walishaonyesha mfano. Precious Ramotswe wa vitabu vya Alexander McCall Smith, aliyeigizwa na mwimbaji Mmarekani Jill Scott katika tamthilia ya BBC na HBO ya 2008 na 2009, hafukuzi mtu. Anakaribisha, anamimina chai, anamwacha mgeni wake azunguke mpaka afike mwenyewe kwenye jambo. Waingereza nao wana Miss Marple wao, ajuza anayefuma sufu huku masikio yako kazini. Wataniambia hao wanashughulika na visa vya upole, vya waume wadanganyifu na vikongwe vya kijijini. Sawa. Mkinidai damu zaidi, damu tunayo. Chukueni ule utulivu muuweke Nairobi.

Makena huyo angefika Makina bila gari la polisi. Angeshuka kwenye matatu ya nambari 8, avuke kwa miguu. Angenunua mandazi mawili na asiulize kitu, kesho arudi anunue tena. Angejua kwamba siku ya kwanza wa mandazi atamdanganya, na si kwa ubaya. Angempeleka mahali pa kuongea ambapo hakuna jirani anayepita, na kabla ya kumwomba jina angemweleza ukweli: kuna Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006, inaweza kufanya hivi, haiwezi kufanya hivi. Na mama yule aseme hapana, aondoke na karai lake. Tumwone usiku akigeuka kitandani. Tuone watoto wake watatu na kodi ya mwezi. Tusijue kama atakubali mpaka dakika ya mwisho, na dakika hiyo itutie jasho kuliko mbio zozote, kwa sababu kila mtazamaji wa Kibera, Kawangware na Mathare atakuwa anajiuliza, mimi ningesema?

Wapo watakaosema hakuna atakayetazama watu wawili wakinywa chai. Sisi tuliokulia hapa tumetazama tamthilia ya Tausi, watu wakizungumza sebuleni wiki baada ya wiki, na mtaa mzima ulikuwa kimya. Tunajua kutazama. Kinachotuchosha ni kuonyeshwa kwamba kusema ni rahisi, halafu tukirudi nje tunaonekana sisi ndio waoga.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika na wanaolipia tamthilia hizi ni hili. Mleteni mpelelezi mwingine wa kike, au mrudisheni Makena, Sarah Hassan anaiweza kazi. Mwekeni kwenye televisheni ya bure, saa tatu usiku baada ya habari, ili wa mandazi naye amwone bila kuazima simu ya mpwa wa mtu. Na kabla hamjaandika sehemu ya kwanza, njooni mkae na wanawake wa soko la Makina wiki moja, bila kamera. Wa mboga watawapa kigoda, mimi nitawapa chai. Msiulize kitu siku ya kwanza.