Afya ya Familia: Pumzi Yako Inalinganishwa na ya Nani?

Kila aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anaijua ile kadi yenye mistari iliyopinda kwenda juu. Muuguzi anamning'iniza mtoto kwenye mizani, anasoma kilo, kisha anaweka nukta kwenye kadi. Nukta hiyo peke yake haisemi kitu. Kilo 8 ni nyingi au ni chache? Itategemea mtoto ana miezi mingapi, na kama ni wa kike au wa kiume. Kinachosema ni ile mistari, na mistari ilichorwa kutokana na watoto wengine kabisa ambao wewe hukuwaona.

Mistari inayotumika siku hizi ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Walipimwa watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, ambao mama zao hawavuti sigara na hali ya nyumbani haikuwazuia kukua. Ikaonekana kwamba watoto hao, ingawa walitoka mbali mbali, walirefuka karibu sawasawa. Kwa hiyo hakuna kadi ya mtoto wa Kigogo na kadi ya mtoto wa Kizungu. Iko moja.

Mwezi huu tuzungumzie kipimo kinachofanana na hicho, ila mistari yake ina historia nyingine. Ni kipimo cha nguvu ya mapafu. Kinaitwa spirometri, na mashine yake ni spirometa. Huenda wewe hujapimwa, lakini kama una mtoto mwenye pumu, au mama mkwe anayehema akipanda ngazi mbili tu, au mume aliyefanya kazi ya kupasua mawe, ipo siku mtapelekwa kwenye mashine hiyo.

Kupimwa si jambo la kutisha. Unakaa wima kwenye kiti, pua inabanwa kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kijae, halafu unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote na kuendelea mpaka hewa iishe. Utarudia mara tatu au zaidi. Haiumi, ingawa wengine husikia kizunguzungu kidogo. Mashine inatoa namba mbili zilizo kubwa kuliko nyingine: hewa yote uliyoitoa, na hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Picha ya eksirei huonyesha kifua kilivyo. Kipimo hiki huonyesha kifua kinavyofanya kazi.

Basi, tuseme umepuliza lita 2.2 katika sekunde ya kwanza. Je, ni nzuri? Hapo ndipo tunarudi kwenye nukta na mistari. Mapafu ya mtoto hukua pamoja naye mpaka anapofika miaka 20 na kitu, kisha nguvu yake huanza kupungua polepole, hata kwa mtu asiyeugua. Mtu mrefu ana mapafu makubwa kuliko mfupi. Mwanamume ana makubwa kuliko mwanamke wa urefu ule ule. Kwa hiyo kabla hujapuliza utaulizwa umri, jinsia na urefu, na mashine itakutafutia watu wenye afya wanaofanana nawe ili ikulinganishe nao. Swali ambalo wengi wetu hatuulizi ni hili: watu hao ni akina nani, na walipimwa wapi?

Wa kwanza walikuwa wa London. Mwaka 1846 daktari Mwingereza aitwaye John Hutchinson alitangaza matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000 kwa mashine aliyoibuni mwenyewe: polisi, askari, wazima moto, mabaharia, hata maskini wa mitaani. Ni yeye aliyeonyesha kwamba hewa ya mapafu huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu. Kazi yake ilikuwa nzuri, na mpaka leo tunaitegemea. Lakini mashine ilipovuka bahari kwenda Marekani iliingia mikononi mwa watu wenye nia nyingine. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, mtetezi wa utumwa, aliandika kwamba mapafu ya watumwa weusi yana upungufu wa asilimia 20, na akafanya upungufu huo kuwa sababu ya kusema kwamba kazi ya shamba inawafaa. Hakuuliza walilala wapi, walikula nini, wala walivuta vumbi gani tangu utotoni.

Ungedhani maneno hayo yalizikwa pamoja na utumwa. La hasha. Kwa miaka mingi mashine za hospitali zilikuwa na sehemu ya kubonyeza kabila au rangi ya mgonjwa, na ukibonyeza mweusi, kigezo kinashushwa kwa asilimia 10 hadi 15. Hili lina uzito gani? Turudi kwenye lita zako 2.2. Tuseme kigezo cha mwanamke mweupe wa umri na urefu wako ni lita 2.9. Hapo wewe una asilimia 76, na daktari atakunja uso. Tuseme kigezo cha mwanamke mweusi ni lita 2.5. Pumzi ni ile ile, lakini sasa una asilimia 88, na unaambiwa uende nyumbani, uko sawa. Mwaka 1999, katika mji wa Baltimore huko Marekani, kampuni ya Owens Corning, iliyokuwa ikidaiwa na wafanyakazi walioathirika na vumbi la asbesto, iliiomba mahakama itumie vigezo tofauti kwa weupe na weusi. Maana yake ni kwamba mfanyakazi mweusi alitakiwa awe mgonjwa zaidi ya mwenzake ndipo madai yake yasikilizwe.

Lilikuwepo tatizo lingine pia, nalo linawahusu akina mama moja kwa moja. Vigezo vya watoto vilichorwa na watu wengine, na vya wazee na wengine. Kijana mwenye pumu akitimiza miaka 18 alihamishwa kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, na ghafla akaonekana amepona au amezidiwa, wakati mwilini mwake hakuna kilichobadilika. Wataalamu wa nchi nyingi wakaungana kulirekebisha. Miongoni mwao alikuwamo Tim Cole wa Uingereza, ambaye hesabu zake zimetumika kuchora mistari ya ukuaji wa watoto katika nchi nyingi. Mwaka 2012 walitoa vigezo vya kwanza vya dunia vinavyoanzia miaka 3 mpaka 95 bila kukatika katikati. Vilitokana na watu 74,187 wasiovuta sigara, kutoka nchi 26.

Ni kazi kubwa, na inastahili shukrani. Lakini tuangalie walivyogawanyika. Weupe walikuwa 57,395. Waasia wa kaskazini na wa kusini mashariki walikuwa zaidi ya 13,000. Weusi walikuwa 3,545, nao ni Wamarekani weusi. Mama wa Kondoa au Manyoni akipimwa, alilinganishwa na watu wa Marekani ambao babu zao walitolewa Afrika kwa minyororo. Watengenezaji wenyewe hawakuficha jambo hilo. Walisema wazi kwamba data za Afrika zinahitajika.

Baadaye wataalamu hao walizipiga upya hesabu zile zile, safari hii wakiyapa makundi yote uzito sawa, wakapata kigezo kimoja kisichouliza rangi. Kinaitwa kigezo cha dunia cha 2022. Mwaka 2023 chama cha Marekani cha wataalamu wa mapafu kilishauri hicho ndicho kitumike. Mimi naona ni hatua njema, lakini haijamaliza kazi, kwa sababu watu waliopimwa ni wale wale. Tena kigezo kimoja kina hatari yake: mtu mwenye afya, ambaye kifua chake ni kifupi na miguu mirefu, anaweza kuambiwa mapafu yake ni dhaifu na akanyimwa kazi ya mgodini. Ni kweli kwamba umbo la mwili linachangia tofauti kiasi. Kiasi kingine kinatokana na maisha: uzito wa kuzaliwa, lishe, nimonia za utotoni, moshi. Ukishusha kigezo kwa sababu ya rangi, mambo hayo yote unayafukia chini ya neno "kawaida".

Na moshi tunaujua. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa bado wako akina mama wanaopikia ndani ya tembe, paa bapa la udongo na matundu madogo ya kupitishia hewa, kuni juu ya mafiga, mtoto mgongoni. Mjini ni mkaa. Kiangazi kikifika na upepo wake, vumbi nalo linaongezeka. Wako pia waliopona kifua kikuu: wadudu wameisha, lakini mapafu yamebaki na makovu na pumzi haikurudi yote. Watu wa Masindi, Uganda, walipopimwa kwa spirometa katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, karibu 16 kati ya 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na wanawake walikuwa sawa na wanaume. Hapa Tanzania, utafiti wa vijijini uliotolewa mwaka 2018 ulipata karibu 17 kati ya 100 kwa wenye miaka 35 na zaidi. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba wanaumwa.

Hapa kuna habari ya kutia moyo kidogo. Ugonjwa huo wa kuziba njia za hewa hautambuliwi kwa ukubwa wa mapafu. Unatambuliwa kwa kulinganisha zile namba mbili zako mwenyewe: katika hewa yote uliyotoa, ni sehemu gani ilitoka katika sekunde ya kwanza? Sehemu hiyo hutofautiana kidogo sana kati ya watu wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo hata kigezo kibovu hakitauficha kirahisi. Kinachoweza kufichwa ni ukali wake, na yale mapafu ambayo hayakukua vizuri tangu utoto.

Vipo vigezo vya kwetu? Mwaka 2011 vilitolewa vigezo vilivyotokana na watu wazima wenye afya wa hapa hapa Tanzania. Tumeanza, basi. Ila ni vya watu wazima. Mtoto wako wa darasa la pili hayumo. Dodoma ina chuo kikuu tangu 2007 na hospitali ya rufaa ya Benjamin Mkapa tangu 2015, na shule zimejaa watoto wazima wanaoweza kupuliza mrija. Siku ukisikia watafiti wanatafuta watu wenye afya wa kupimwa, usiseme "mimi siumwi, wananitakia nini?" Ni wewe hasa wanayekutaka.

Siku ukipelekwa kupimwa, uliza mashine imewekewa kigezo gani, na kama rangi imehesabiwa. Si utovu wa adabu kuuliza. Legeza kanga iliyokaza kifuani na usile ukashiba kabla. Anayekohoa wiki mbili au kutoa damu apimwe makohozi kwanza. Mtoto wa miaka 5 au 6 kwa kawaida anaweza kupuliza vizuri akifundishwa. Mfanyishe mazoezi ya kuzima mshumaa nyumbani.

Kwa bibi zetu kuna ugumu wa aina mbili. Kwanza umri. Wazee wa Ugogo walihesabu miaka kwa njaa, na ile ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilikuwa kalenda ya vizazi. Bibi akisema tu "sabini" kumbe ana 80, atalinganishwa na watu wenye nguvu kuliko rika lake na ataonekana mgonjwa asipokuwa. Kaa naye mkumbushane kabla ya safari: alikuwa binti au mama wakati wa Uhuru, 1961? Pili urefu. Mgongo ukipinda, kumpima akiwa amesimama ni kumpunja. Mwombe muuguzi ampime urefu wa mikono iliyonyooshwa pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha nyingine. Kipimo hicho kinakubalika mahali pa urefu.

Omba ile karatasi ya majibu, na uitunze pamoja na kadi za kliniki. Akipimwa tena mwakani, daktari atakuwa na pumzi yake mwenyewe ya mwaka uliopita ya kulinganisha nayo.