Msitu wa Serikali Haulindwi kwa Moyo Tu

Sikiliza hotuba za siku ya kupanda miti, iwe Izimbya, Kamachumu au Bukoba mjini, hapa Kagera: wananchi wapewe miche na elimu, kisha wajitolee kulinda msitu maana ni mali yao. Watu wanapiga makofi. Mimi naona hapo ndipo fedha za misitu zinapopotelea.

Kwanza, si mali yao. Msitu wa hifadhi ni wa serikali, na mwanakijiji akiingia bila kibali kukata miti ya kuegemeza migomba, anakamatwa. Umiliki wake unakumbukwa siku ya kuzima moto.

Halafu kuna hesabu. Kila halmashauri imewekewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na rahisi kuhesabu ni miche iliyotoka kitaluni. Aprili mgeni rasmi anashika jembe, fulana zinagawiwa, posho zinasainiwa. Juni kiangazi kinaingia. Nyasi za rweya, yaani mbuga za wazi, zinakauka, mtu anawasha moto ili ng'ombe wapate majani mabichi, upepo unageuka. Hapo msaada ni watu wenye mapanga na matawi mabichi, pamoja na ukanda uliofyekwa tangu Mei. Nani alilipwa kuufyeka? Mwanakijiji akipalilia kahawa ya jirani, jioni anashika ujira wake. Akipalilia miche ya serikali, anaambiwa awe na uzalendo.

Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji na serikali kusimamia msitu kwa pamoja, kwa mkataba. Wazo zuri. Lakini miaka ilipita vijiji vikifanya doria huku suala la nani apate nini katika mapato halijaamuliwa. Kazi iligawanywa mapema, faida ikasubirishwa.

Najua nitajibiwa: mbona Shinyanga waliweza? Waliweza kweli. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza 1986, na ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yaote upya, zikaongezeka kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya 300,000, sehemu kubwa bila kupanda mche, visiki na mizizi vikichipua vyenyewe. Ila Msukuma aliyezuia ng'ombe wasiingie alikuwa analinda malisho yake ya kiangazi, kuni zake na nyasi zake za kuezekea. Ngitili ilikuwa ya kaya au ya kijiji, kwa hiyo malipo yake yalikuwa mumo humo. Na pamoja na hayo, Norwei iliufadhili mradi huo kwa miaka mingi, si kwa msimu mmoja wa mvua.

Kwenye ardhi ya serikali malipo hayo hayaji yenyewe, lazima yaandikwe: fungu la mapato, ruhusa ya wazi ya nyasi, kuni kavu na mizinga ya nyuki, na ujira wa doria. Fedha? Mfuko wa Misitu Tanzania upo kisheria. Milima ya Tao la Mashariki ina mfuko wake tangu 2001, mtaji umewekezwa na faida yake ndiyo hulipia hifadhi, hivyo kazi haifi mfadhili akifunga virago. Utaratibu huo ungeifaa Kagera.

Tuanze na msitu mmoja. Miche ipunguzwe nusu, na fedha inayobaki ilipe wanakijiji kufyeka ukanda wa moto kila Mei kwa miaka kumi. Takwimu za miche zitashuka, na mkurugenzi wa halmashauri ataitwa kujieleza.