Kukubali bila kujua si kukubali: mionzi kazini na wajibu wa kanisa

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, sisi watu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini tulizoea jambo moja ambalo si dogo. Chanjo ilikuwa bado katika uchunguzi. Kwa hiyo, kabla ya sindano, mtu alielezwa chanjo hiyo ni ya nini, inaweza kumletea homa na maumivu gani, na kwamba ana ruhusa ya kukataa. Ndipo akatoa kibali chake. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Tulibishana sana juu ya chanjo ile, hata ndani ya makanisa, lakini hatukubishana juu ya haki ya mtu kuelezwa kwanza.

Leo tunauliza: ikiwa mtu anastahili kuelezwa kabla ya sindano moja, je, hastahili kuelezwa kabla ya kazi itakayomkaa mwilini miaka kumi?

Tunasema hasa juu ya mionzi ya nyuklia na ya eksirei. Hatari hii ina tabia yake. Mchimbaji huona ukuta wa shimo unapopasuka, na husikia maji yanapoingia. Mionzi haionekani, hainuki, wala haiumi siku ile inapompata mtu kidogo kidogo. Madhara yake makubwa, kama saratani, huweza kuja baada ya miaka mingi, wakati kazi imeshasahauliwa. Ndiyo sababu mfanyakazi hawezi kuijua kwa akili yake au uzoefu wake peke yake. Lazima aambiwe na anayejua.

Historia yetu wenyewe

Kongo ilijifunza jambo hili mapema. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, urani iligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilianza kuichimba miaka ya 1920 kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1942 Jeshi la Marekani lilianza kuinunua, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka huko. Wakongo walichimba mawe yale na kuyachagua kwa mikono. Wataalamu walikuwa wameshajua tangu miaka ya 1920 kwamba radiamu inaua, lakini mpango wote wa urani ulifanywa kwa siri. Anayewekewa siri hawezi kusemwa kwamba amekubali.

Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, mwaka 1960. Miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi wakitafuta kobalti katika udongo uleule wenye urani. Januari 2004 Rais alitoa dikrii ya kuufunga. Hata hivyo watu waliendelea kuchimba, na Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Dikrii ilifunga mahali, lakini haikumpa mchimbaji maelezo wala kazi nyingine.

Koltani iliyo karibu nasi

Mtu wa Bunia anaweza kusema kwamba Katanga ni mbali. Lakini koltani si mbali. Mwaka 2000, bei yake ilipopanda sana duniani, wachimbaji waliingia hata katika misitu ya Mambasa, ndani ya Hifadhi ya Okapi. Mara nyingi koltani hubeba urani na thori ndani yake. Utafiti juu ya wachimbaji wa koltani wa mashariki mwa nchi yetu, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba mchimbaji anaweza kupata hadi milisiverti 18 kwa mwaka. Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kutwanga na kuchekecha, kwa sababu ya vumbi linalovutwa.

Tuwe wakweli: kipimo hicho hakizidi milisiverti 20, ambazo wataalamu wa dunia wamemwekea mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka. Lakini mfanyakazi huyo ni yule aliyefundishwa, anayepimwa, na anayefuatiliwa na daktari. Kwa raia wa kawaida kipimo ni milisiverti 1. Mchimbaji wetu amewekwa wapi? Anapata mionzi kama mfanyakazi wa nyuklia, na ulinzi kama mpita njia.

Kuna jambo linaloumiza zaidi. Koltani ikizidi kiwango fulani cha mionzi, sheria za usafirishaji za kimataifa zinataka ipimwe, ifungwe vizuri na kuwekewa alama ya hatari kabla ya kupanda meli. Yaani mabaharia wanaonywa. Aliyelitwanga jiwe lile na kulaza gunia kando ya kitanda chake hakuonywa na mtu.

"Lakini walikubali wenyewe"

Hilo ndilo jibu tunalolisikia: hawakulazimishwa, wanatafuta pesa. Ni kweli kwamba njaa inasukuma watu, na wengi wakiambiwa hatari watabaki shimoni. Hata hivyo, maelezo hayatakuwa ya bure. Anayejua atalowesha mawe kabla ya kutwanga, atafunika pua na mdomo, hatakula penye vumbi, na hataweka gunia chumbani wanapolala watoto. Maskini ana haki ya kuchagua akiwa na macho wazi.

Sheria ipo. Tarehe 16 Oktoba 2002 zilitolewa siku moja Sheria ya Kazi na sheria ya kulinda watu dhidi ya mionzi. Siku zile Ituri ilikuwa vitani. Mwezi uliotangulia damu ilikuwa imemwagika Nyankunde. Hatushangai kwamba habari za sheria hizo hazikutufikia. Lakini tangu wakati ule imepita miaka zaidi ya ishirini.

Tuanzie nyumbani

Kabla ya kunyooshea wanunuzi wa madini kidole, tuangalie hospitali na vituo vya afya vya makanisa yetu. Anayepiga picha za eksirei ana kifaa cha kupima mionzi anayopata? Anaonyeshwa matokeo yake? Aproni ya risasi bado ni nzima? Mama mfanyakazi akipata mimba, anaweza kusema bila kuogopa kupoteza kazi? Kamati za hospitali ziulize maswali haya katika mkutano wao ujao, na majibu yaandikwe.

Kwa upande wa machimbo, wachungaji walio karibu na wachimbaji wanaweza kumwalika muuguzi baada ya ibada aeleze kwa lugha ya watu juu ya vumbi, maji na gunia. Dakika ishirini zinatosha kuanza.

Katika Kutoka 21:29 Torati inasema juu ya ng'ombe aliyezoea kupiga watu pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa na asimfunge, damu ya aliyeuawa inadaiwa kwake. Wapendwa, juu ya mionzi tumeshaonywa. Jirani yetu anayepita karibu na pembe hizo bado hajaambiwa.