Mgongo Usiopona kwa Kukandwa



Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako baadhi ya jamaa zetu wamekwenda kutafuta riziki, maumivu ya mgongo ni jambo la kila siku. Mchumaji hushinda na kapu mgongoni. Akilalamika jioni huambiwa ni kazi, akakandwa kwa maji moto, akalala. Mara nyingi huwa ni kazi kweli. Lakini maumivu yanayozidi wiki hata wiki, yasiyotulia kwa mapumziko, yakafuatana na homa, jasho la usiku na kukonda, hayo tusiyasingizie kapu. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Jina lisitupoteze. Vijidudu huingia kwa pumzi, kisha husafiri kwa damu hadi mifupani na kula pingili za mgongo. Mgonjwa huenda asikohoe kabisa. Pingili zikibonyea hutokea kibiongo; usaha ukikandamiza uti, miguu hulegea. Tabibu Percivall Pott wa London alikwisha kuyaeleza hayo mwaka 1779. Si pepo, wala si kijicho.

Huko huko Bomet ipo Hospitali ya Tenwek, yenye madaktari wa upasuaji wa mifupa. Daktari wa namna hiyo hupima kwanza nguvu za miguu, kisha hutazama picha ya eksirei, na ya MRI ikipatikana, kwani hiyo huonesha usaha uliojificha. Kwa sindano huchukua kipande kidogo cha mfupa au usaha, kipimwe maabara.

Msingi wa tiba ni dawa, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kwa ugonjwa wa mifupa humezwa miezi 12, na wengi hupona bila kisu. Upasuaji huhitajika uti unapobanwa au mgongo unapokosa uthabiti: usaha hutolewa, mfupa uliooza huondolewa, na pingili hushikizwa kwa vyuma. Hata hapo, dawa haziachwi.

Mtihani wa familia ndio huu: maumivu huisha mapema, vidonge vikasahauliwa. Basi mke, mama au dada na amsimamie mgonjwa hadi mwisho. Ramadhani ikiingia, akumbuke kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, asiache dozi. Na miguu ikianza kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani kila siku ya kungoja humkaribisha kwenye kupooza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.