Kazi Ireland: mtoto atamfuata mzazi lini?

Hospitali na nyumba za kutunzia wazee nchini Ireland huajiri watu kutoka nje ya Ulaya. Wengine hupelekwa miji midogo kama Waterford, wenye wakazi wapatao 60,000. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo, la kuangalia kwanza ni aina ya kibali cha kazi.

Muuguzi aliyesajiliwa huweza kupata kibali cha taaluma adimu, kinachomruhusu kuomba familia imfuate mara moja. Msaidizi wa kutunza wagonjwa hupewa kibali cha kawaida. Huyu husubiri miezi 12 ndipo aombe, na lazima athibitishe kipato cha kutosha. Mtoto aliyeachwa akitambaa huenda akaungana na mzazi akiwa tayari anaongea.

Akishafika, nafuu ipo. Watoto walio chini ya miaka 8 wanaweza kupata kadi ya kumwona daktari bure. Kuanzia miaka 2 na miezi 8, serikali hulipia chekechea saa tatu kwa siku katika miezi ya masomo.

Lakini zamu ya hospitali inaweza kufika saa 12, na bibi wa kubaki na mtoto hayupo. Saa zinazobaki hulipiwa. Nyumba za kupanga nazo ni chache na ghali, hata katika miji midogo.

Kabla ya kutia saini, muulize wakala: kibali ni cha aina gani, zamu zikoje, na nitalala wapi nikifika?